Ziwa Linafunga: Na Sisi Je?



Mwezi huu tuzungumze juu ya kufunga. Neno hili katika Kiswahili chetu linafanya kazi nyingi. Tunafunga mulango. Tunafunga muzigo na kamba. Tunafunga chakula tupate kuomba. Na hapa Pweto kuko kufunga kwingine ambako wengi wa mujini hawakujui vizuri: kila mwaka, wakati wa mvua, wanafunga ziwa.

Hawalifungi na kufuli. Wanakataza kuvua. Ziwa letu Moero, ambalo ndugu wa Zambia wanaandika Mweru, ni la inchi mbili. Mupaka unapita ndani ya maji. Upande wa Zambia sheria inakataza kuvua kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2. Upande wetu vilevile wakubwa wa Leta wanatangaza kufunga katika miezi ile ya mvua. Sababu yake kila muvuvi anaijua. Maji yanapopanda, samaki wengi wanaingia katika matete na katika mito kutaga mayai. Ukimuvua mama mumoja mwenye mayai siku ile, umewavua na watoto wake wote ambao hawajazaliwa.

Sasa tazama kalenda. Kwaresima inaanza siku ya tatu ya majivu, na siku hiyo inaanguka kila mara kati ya tarehe 4 ya mwezi wa 2 na tarehe 10 ya mwezi wa 3. Basi, miaka mingi Wakristo wanaanza kufunga wakati ziwa lingali limefungwa, na wanaendelea kufunga wakati ziwa linafunguliwa. Ziwa linatutangulia. Linafunga mbele yetu, bila mahubiri, bila kengele.

Lakini mama mumoja anayeuza samaki sokoni aliniuliza ulizo, na katika masomo yote ya Biblia sijakutana na ulizo gumu kupita lile. Alisema: "Pasta, ziwa banafunga, ni muzuri. Lakini tumbo ya batoto, nani atafunga?"

Ukurasa huu wote ni wa kujibu mama yule.

KWARESIMA NI YA NANI?

Mbele ya kumujibu, niwajibu kwanza ndugu zangu Waprotestanti, maana ninawasikia: "Kwaresima ni mambo ya Bakatolika, Pasta. Sisi tuliokolewa kwa neema."

Ni kweli tuliokolewa kwa neema, na hakuna mutu atakayeingia mbinguni juu hakula nyama siku 40. Wazee wetu wa imani walipigania jambo hili. Mwaka 1522, katika muji wa Zürich, inchi ya Uswisi, watu fulani walikula soseji wakati wa Kwaresima katika nyumba ya Christoph Froschauer, mutu wa kazi ya kupiga chapa vitabu. Makelele yakawa makubwa. Muhubiri wao, Ulrich Zwingli, akasimama kuwatetea. Alisema Mukristo ana uhuru juu ya chakula, na mutu asilazimishwe pahali Neno la Mungu halikulazimisha.

Mimi nami ninashika uhuru ule. Lakini jiulize: uhuru wa kula ni uhuru wa kumaliza chakula cha mwenzako? Bwana Yesu alikuwa na uhuru kupita sisi wote, na alikaa jangwani siku 40 bila kula. Makanisa mengi ya Kiprotestanti, sawa Wametodisti na Waanglikana, yanashika majuma haya ya kutengeneza moyo mbele ya Pasaka. Kutoka siku ya majivu mpaka Pasaka ni siku 46. Ukiondoa siku 6 za yenga, zinabaki 40. Huyashiki kwa kununua wokovu. Unayashika sawa mutu anayesafisha nyumba kwa sababu mugeni mukubwa anakuja.

Tena kuko kufunga kwa namna nyingi. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anazungumza na watu waliofunga vizuri sana kwa macho. Waliinamisha kichwa, walivaa gunia, walilala juu ya majivu. Na siku ileile ya kufunga waliwatumikisha wafanyakazi wao kwa nguvu na kugombana kwa ngumi. Mungu aliwaambia kufunga anakokupenda ni kufungua vifungo vya uovu, kumupa mwenye njaa mukate, kumuingiza nyumbani mutu asiye na pa kulala. Soma sura ile polepole na jamaa yako. Utaona kwamba kile ninachokiacha katika sahani yangu kinapaswa kufika katika sahani ya mutu fulani. Kisipofika, nimebaki na njaa tu, na njaa peke yake haimusaidii mutu.

DENI LA MIGODI

Sasa turudi kwa mama wa soko. Ninyi wa mujini munaweza kuuliza: "Pasta, njaa ya wavuvi wa Pweto inatuhusu nini sisi wa karieri?" Inawahusu sana. Sikilizeni habari hii.

Wazee wa Luapula wangali wanataja samaki mumoja anayeitwa mpumbu. Wataalamu wanamwita Labeo altivelis. Alikuwa samaki munene, mwenye mafuta. Wakati maji yalipoanza kupanda, mpumbu walitoka ziwani makundi kwa makundi, wakapanda muto Luapula kutaga mayai, kisha watoto wao wakashuka ziwani kukomaa. Hii ndiyo njia Mungu aliwapa.

Katika miaka ya wakoloni, Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha. Walikuwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na Jadotville, ndiyo Likasi. Kampuni iliwagawia chakula cha juma zima, na chakula kile kiliitwa posho. Ndiyo maana mpaka leo katika Katanga siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho. Watoto wenu wanasema neno hilo kila juma na hawajui kama lilitoka katika mulolongo wa nkambo zao, na kikapu mukononi.

Na samaki wa kambi zile walitoka wapi? Wengi walitoka Luapula na Moero. Kasenga, kando ya Luapula, ikawa kituo kikubwa cha samaki. Wafanyabiashara Wagreki walikuwa na mashua, walikuwa na barafu, walikuwa na makamio ya kukimbiza samaki mpaka Elisabethville. Mugodi uliita, na muto ulijibu. Nyavu zikawekwa kuwangojea mpumbu katika njia yao ya kupanda, wakati matumbo yao yamejaa mayai. Hata mayai yenyewe yaliuzwa kuwa chakula cha wenye makuta.

Mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walipunguka sana, na kazi ya kuwavua ikaanguka. Miaka zaidi ya 70 imepita, na makundi yale makubwa hayakurudi tena sawa zamani.

Nyuma ya mpumbu, watu walitegemea pale, samaki mupana munayemujua. Nyavu za pale zilikuwa na matundu makubwa. Kisha samaki wakubwa wakapunguka, watu wakapunguza matundu. Tangu miaka ya 1980 wengi wanategemea chisense, kasamaki kadogo wanakokavua usiku kwa taa na kukakausha kwa jua. Angalia ngazi ile tunayoishuka: mpumbu, pale, chisense. Nyuma ya chisense hakuna kidogo kingine cha kushukia.

Basi, ndugu wa migodi, ninapowaambia kwamba ziwa linawahusu, siwaombi huruma tu. Shaba ya Katanga ilichimbwa na mikono iliyolishwa na maji haya. Kuko deni. Na deni la zamani linalipwa na watoto.

MUSTIKERE NA MUVUVI MASKINI

Kandokando ya ziwa letu utaona jambo la kuumiza roho. Mustikere zinazogawiwa bure kwa kukinga watoto na malaria, wengine wanazishona pamoja na kuzifanya wavu. Mustikere haina tundu la kumuachilia samaki hata mumoja. Inavuta mama, inavuta mutoto, inavuta mayai pamoja na majani. Tena dawa iliyo ndani yake ya kuua mbu ni sumu kwa samaki. Na usiku ule, nyumbani, mutoto wa muvuvi analala bila kitu cha kumukinga. Kwa wavu mumoja tunapoteza pande mbili: samaki wa kesho majini, na mutoto wa leo kitandani.

Kazi yetu sisi wahubiri ni kusema wazi kwamba hilo ni baya. Lakini tusiishie pale. Nani anavua na mustikere? Mara nyingi ni mutu asiye na makuta ya kununua wavu wa matundu makubwa, wala mutumbwi wa kufika kilindini. Ni mujane. Ni kijana aliyekimbia vita. Hapa kwetu tunajua vita. Mwezi wa 12 mwaka 2000 Pweto ilianguka katika mapigano, na maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Wengi waliishi katika kambi za Mwange na Kala. Kati ya mwaka 2012 na 2014, wakati wa mateso ya upande wa Manono, Mitwaba na Pweto, pale watu walipoita pembe tatu ya kifo, vijiji vizima vilikimbia. Mwaka 2017 tena wengi walivuka mupaka, na Zambia ikawafungulia kambi ya Mantapala karibu na Nchelenge. Mutu aliyepoteza shamba na mbuzi, anafika kando ya maji na mikono mitupu. Ukimwambia: "Ziwa limefungwa, rudi nyumbani," unamurudisha nyumbani gani?

Sheria ya kufunga ziwa ni ya haki. Inalinda chakula cha wote. Lakini sheria inayomufunga maskini peke yake, na haifungi sahani ya tajiri hata siku moja, imebaki nusu. Miezi ile mitatu, wewe mwenye mushahara huko Kolwezi unaendelea kula. Hakuna samaki wa Moero, unanunua samaki wa barafu kutoka inje, ao kuku, ao nyama. Ni nani aliyefunga kwa ajili ya ziwa? Ni yule mama tu. Amefunga na yako na yake.

MAAGIZO MAWILI YA ZAMANI

Biblia imeona jambo hili kale. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Mungu anawaambia watu wake kwamba wakiona kiota njiani, na mama ndege amelalia mayai ao watoto, wasimuchukue mama pamoja na watoto. Wamuachilie mama aende. Na ahadi inayofuata agizo lile dogo ni kubwa: upate mema na siku zako ziwe nyingi. Mutu anayemuachilia mama ndege anaachilia chakula cha mwaka kesho. Wavuvi, agizo hilo ni lenu pia. Mpumbu mwenye mayai alikuwa mama ndege wa Luapula.

Agizo la pili ni katika Kutoka 23:10-11. Mungu anataka shamba lilimwe miaka sita, na mwaka wa saba lipumzike. Kwa nini lipumzike? Wengi wanajibu: udongo upate nguvu. Ni kweli. Lakini soma sababu Biblia yenyewe inayotoa: maskini wa watu wako wapate kula, na mabaki yao wanyama wa pori wale. Unaona? Katika sheria ya Mungu, udongo unapopumzika, maskini anakula. Vitu viwili hivi vimeshonwa pamoja. Sisi tumevipasua. Kwetu ziwa linapopumzika, maskini analala na njaa.

Kwaresima ni wakati wa kushona tena pale palipopasuka. Ndilo jibu langu kwa mama wa soko. Tumbo la watoto wako, mama, litafungwa ao litafunguliwa na sisi, Wakristo tunaokula mushahara. Ziwa likifunga, sisi tufunge pamoja nalo, na kile tulichokifunga kifike kwako.

TUFANYE NAMNA GANI?

Maneno bila kazi ni wingu bila mvua. Nitasema mambo manne, na kila moja linawezekana hata katika nyumba ya chumba kimoja.

La kwanza, mukono wa bunga. Mama anapotaka kusonga bukari, mbele ya kumimina bunga katika maji ya moto, atoe mukono mumoja wa bunga na kuutia katika kopo la kando. Afanye hivyo siku zote 40. Baba asiseme bukari ni kidogo. Huko ndiko kufunga kwake. Tufanye hesabu. Tuseme mukono mumoja ni gramu 50. Siku 40 ni kilo 2. Ni kidogo, mutoto anaweza kubeba. Lakini kama kanisa lenu lina nyumba 100, ni kilo 200, ndiyo mifuko 8 ya kilo 25. Kwa mifuko 8, jamaa nyingi kando ya ziwa zinapita juma gumu bila kushona mustikere. Kama ni vigumu kusafirisha bunga, muuze bunga ile na kutuma makuta kwa telefone kwa kanisa la ndugu zenu wa Pweto, Kilwa ao Kasenga. Munaotuma, waambieni wanaopokea: wagawie jamaa zinazoheshimu ziwa lililofungwa, na wasiulize mutu anasali wapi. Isaya hakusema mwenye njaa wa kanisa lako.

La pili, makala. Lubumbashi inapikia makala, na makamio yanayoyaleta yanatoka mbali kupita zamani, kwa maana miti ya karibu imekwisha. Pori lile la muputu na musuku si kuni tu. Ndilo linalotupa masuku, uyoga, asali na binkubala. Anayekata muputu kwa makala anakata na soko la binkubala la dada yake. Basi, siku hizi 40, kila nyumba ijaribu kupunguza makala. Lowesha madeso tangu jioni, yataiva upesi. Funika chungu. Ukimaliza kupika, zima makala yaliyobaki na uyatumie kesho, usiyaache kulala yakiwaka katika mbabula. Makuta uliyoyaponyesha, ongeza juu ya mukono wa bunga. Na wewe unayechoma makala, acha miti yenye matunda, acha visiki vichipuke, usiwashe moto pahali vichipukizi vinaanza.

La tatu ni la ninyi wanaume wa karieri na kiwanda. Ziwa tunalifunga ili kulinda watoto wa samaki. Na watoto wetu? Mwaka 2020, wachunguzi waliofanya kazi katika Lubumbashi waliandika katika gazeti la wataalamu The Lancet Planetary Health kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi za migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Mbele yao, mwaka 2009, wachunguzi wengine walikuwa wameonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mukojo wao, na watoto zaidi. Vumbi halibaki kazini. Linapanda juu ya nguo, linaingia nyumbani, linalala juu ya kitanda. Basi, ufanye Kwaresima yako kwa mambo haya: vua nguo za kazi inje, ogea mbele ya kumubeba mutoto, usiosheshe nguo zile pamoja na vitambaa vya mutoto, usipange mifuko ya mawe chumbani, wala usioshe mawe katika muto pahali mama wengine wanachota maji. Mutu aliye juu yako katika muto humuoni. Na wewe, yule wa chini hakuoni. Lakini Mungu anawaona wote wawili. Na ninyi wakubwa wa kampuni munaosali pamoja nasi siku ya yenga, maji munayoyatoa kiwandani yanakunywewa na mutu. Kufunga kwenu ni kuyasafisha.

La ine ni la wavuvi. Ndugu zangu, kufunga kwenu kunaanza siku ile ziwa linafunguliwa. Siku ile wote wanaingia majini mara moja, usiku na mchana, na ndani ya majuma machache tunakula kile ziwa lilichookoa miezi mitatu. Ni sawa mutu aliyefunga siku nzima, kisha jioni akala chungu kizima na sufuria ya jirani. Siku za yenga wacheni ziwa lipumzike. Rudisheni majini wadogo walio hai. Wenye mutumbwi wawili ao watatu, muchange kununua wavu mumoja wa matundu yanayoruhusiwa kwa kijana anayevua na mustikere, naye alipe polepole kwa samaki. Mkifanya hivyo, mutamuondoa mutu katika zambi bila kumuita muzambi.

JIRANI WA NG'AMBO

Kuko neno ninalolisikia sana katika mitumbwi: "Sisi tukiacha, wale wa Zambia watakula yote." Na ninajua ng'ambo nao wanasema: "Sisi tukiacha, wale wa Kongo watakula yote." Samaki hana karata ya inchi. Anazaliwa Luapula, anakomaa Moero, na maji yake yanatoka hapa Pweto kwa njia ya Luvua mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo.

Lakini kumbukeni mwaka 2000. Watu walipokimbia risasi, ni nani aliyewapokea ng'ambo? Ni wale wale tunaosema watakula yote. Waliwagawia pahali, kuni na maji. Mutu aliyekuingiza nyumbani usiku wa vita, utamuibia chakula cha watoto wake mchana wa amani? Basi, tukilifunga ziwa vizuri upande wetu, tunawalipa shukrani yetu. Ndiko kumupenda jirani, na safari hii jirani tunamujua, tulilala kwake.

MEZA YA PASAKA

Kufunga kote kuna siku ya kufungua. Nyuma ya ufufuko, wanafunzi saba walivua usiku kucha katika ziwa la Tiberia, hawakupata kitu. Asubuhi Bwana akawaambia watupe wavu, wakavuta samaki 153. Yoane, katika sura ya 21, anaandika kwamba samaki wale walikuwa wakubwa, na wavu haukupasuka. Walipofika inchi kavu wakakuta moto wa makala, na samaki juu yake, na mukate. Bwana mwenyewe alikuwa amepika. Aliwaita wakuje kula.

Mimi ninapenda sana meza ile ya kando ya ziwa. Kulikuwa samaki wakubwa, wavu muzima, moto mumoja mudogo, na wote walikula. Hakuna aliyebaki kando akiuliza nani atafunga tumbo la watoto wake. Asubuhi ya Pasaka tunataka ifanane na hiyo huku Pweto na huko kwenu: ziwa limepumzika, wavu haujapasuka, na mama wa soko ameketi pamoja nasi, anakula.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, chakula gani tunakula kinachotoka ziwani ao porini? Wazee wetu walikula nini ambacho leo hakionekani?

2. Nani karibu nasi anafunga kila siku kwa sababu hana, wala si kwa sababu ni Kwaresima?

3. Maji tunayoyatupa na moshi tunaoutoa vinafika kwa nani?

4. Kopo la mukono wa bunga tutaliweka wapi, na mutoto gani atalichunga?

Bwana wa maji na wa inchi kavu awape nguvu ya kufunga bila kunung'unika, na furaha ya kufungua pamoja na wenzenu. Amina.

Pasta wenu wa Pweto